Suti za barafu zimefika Mtera: vifaa vya uokoaji vya msaada vitunzwe vipi kwenye jua la Dodoma?

SWALI: Kikundi chetu cha wavuvi hapa Mtera kimepokea sanduku la vifaa vya uokoaji vilivyotumika, kutoka nchi ya baridi. Ndani mna majaketi okozi 14 (kumi ya povu, manne ya kujaa gesi), maboya mawili ya duara, mifuko mitatu ya kamba za kurusha, suti mbili nzito za manjano zenye viatu na glavu humo humo, na jozi kadhaa za misumari yenye vishikio. Karatasi za maelezo zinaongelea barafu mwanzo mwisho. Kipi kinatufaa huku, na tutavitunzaje? Kwa sasa viko kwenye stoo yetu ya mabati pamoja na injini za boti. – Katibu wa kikundi, Mtera.

JIBU: Ndugu Katibu, kabla ya yote vitoeni kwenye hiyo stoo. Karatasi zenu zinahofia maji kuganda kwenye zipu na kamba kukakamaa kwa baridi. Kwenu Mtera adui ni jua, joto, vumbi na panya, na madhara yake huingia kifaa kikiwa kimetundikwa tu, hakijagusa hata tone la maji. Stoo ya mabati isiyo na dari hugeuka tanuri saa nane mchana. Maji ya betri yakidondokea mkanda wa nailoni yanaula, nao unaweza kuonekana mzima mpaka siku unapovutwa. Petroli na oili huharibu kitambaa na povu. Tafuteni chumba chenye dari na madirisha mawili ya kupitisha hewa, mpige kamba au mti wa kutundikia usawa wa kifua, mbali na ukuta kwa kiganja kimoja hivi ili mchwa asipande na panya asipate ngazi. Panya hupenda sana kutengeneza makazi ndani ya jaketi, na akishalitoboa povu, huwezi kulirudishia uzima.

Misumari na suti ziondoke mezani mapema, maana hazitakuchukua muda. Ile misumari ni ya mtu aliyetumbukia kwenye ziwa lililoganda: anaichoma kwenye barafu na kujivuta nje, kwa kuwa mikono mitupu inateleza. Mtera haina kazi hata moja. Msiiache kwenye mtumbwi, itatoboa kitu au mtu.

Suti zimetengenezwa kuzuia baridi inayolegeza mikono na miguu ndani ya dakika chache. Mkimvisha mwokoaji wenu suti hiyo mchana, apige kasia na kuvuta mtu, jasho lake halina pa kutokea. Joto la mwili litapanda na mtakuwa na watu wawili wa kuokoa. Isitoshe suti inaelea, kwa hiyo haifai kabisa kuzamia kutafuta aliyezama. Ninaona ifae mahali pamoja tu: usiku, kwa mtu wa kukaa majini muda mrefu bila kazi nzito. Mkiamua kuzitunza, zioshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, zigeuzwe ndani-nje zikauke kivulini, kisha zitundikwe zipu ikiwa wazi. Meno ya zipu msugue kwa mswaki wa zamani, halafu mfunge zipu, mpitishe nta ya nyuki kwa nje na kuifungua tena. Nta haiadimiki kwenu, Dodoma na Singida ni nchi ya nyuki. Msikunje suti penye zipu, itavunjika hapo hapo.

Sasa majaketi ya povu, ambayo ndiyo mali yenu kubwa. Someni lebo ya ndani kwanza. Tafuteni namba ya nyutoni, yaani kipimo cha nguvu ya kuelea: 50, 100, 150 au 275. La 50 ni la kumsaidia mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halitamgeuza aliyezimia uso uwe juu. Kwa mvuvi wa katikati ya bwawa nisingeshuka chini ya 100. Angalieni pia uzito wa mtu uliokusudiwa, maana katika sanduku la msaada hukosi jaketi la mtoto lililochanganyika na ya watu wazima.

Baada ya lebo, kagueni kitambaa. Nyekundu iliyogeuka waridi au chungwa lililopauka ni alama ya miale ya jua. Sugua kwa kucha ya kidole gumba: ikibaki unga, au uzi ukichanika kama karatasi, jaketi hilo limekwisha hata kama povu ni zuri. Vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote, fungua na kufunga kila kifungo mara kumi. Tope laini la Mtera likikauka ndani ya kifungo cha plastiki huwa kama saruji, na kifungo kinachobana nusu hufunguka mtu akirushwa na wimbi. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kipigwe mswaki. Msitie oili, itakamata vumbi zaidi. Jiki isitumike popote.

Kisha pimeni kama bado linaelea, na hapa hamhitaji mashine. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Ikatwe vipande vya sentimita 40, uzipime kwa mzani kwa sababu zipo nondo nyembamba kuliko zinavyotajwa, kisha zifungwe fungu moja. Chuma kikizama hupungua uzito kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo fungu hilo majini linavuta kwa nguvu ya nyutoni 91 hivi. Lifungeni chini ya jaketi la nyutoni 100 ndani ya pipa la maji la lita 200, mkilikandamiza kwanza ili hewa iliyonaswa kwenye kitambaa itoke. Nondo zisiguse sakafu ya pipa wala jaketi lisikwame ubavuni. Jaketi lisilo na kasoro litabaki juu, ingawa kidogo tu. Liacheni humo saa 24.

Likizama papo hapo, povu limesinyaa. Mara nyingi chanzo ni watu kulikalia kwenye mtumbwi kama mto, na povu lililobanwa hivyo kwa misimu halirudi. Likielea jioni na kuzama asubuhi, linakunywa maji: ama povu limetobolewa, ama ndani mmewekwa sponji ya magodoro, ama ni jaketi la zamani la sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Sufi huelea vizuri sana ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na tundu, lakini mfuko ukitoboka kidogo tu inageuka mzigo. Kwa jaketi la nyutoni 150 mtahitaji chuma cha kilo 16 hivi. Mawe yasitumike kwa hesabu hii, kwani yakiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake na yatawadanganya kwamba jaketi ni zima.

Yale manne ya gesi yana mtungi mdogo wa hewa ukaa. Uzungusheni kwa mkono hadi utoke kwenye jaketi, mtazame mdomo wake: ukiwa na tundu umeshatumika, hata kama unang'aa. Mzima upimwe kwa mzani wa gramu, ule wa sonara, na kulinganishwa na uzito uliochapwa kwenye chuma chenyewe. Ukipungua zaidi ya gramu mbili, ubadilishwe. Mtungi wenye gesi ya gramu 33 ndio wa kawaida kwa jaketi la nyutoni 150, na usiwekwe wa ukubwa mwingine kwa sababu tu nyuzi zake za kukazia zimekubali. Kisha lijazeni jaketi upepo kwa pampu kupitia mrija wa mdomoni, liachwe usiku kucha hadi kesho yake saa ile ile. Likilegea lina tundu. Pampu ni bora kuliko pumzi, kwani pumzi huacha unyevu ndani. Ukimaliza kaza mtungi kwa mkono mpaka mwisho, maana huweza kulegea wenyewe kwa mtikisiko wa injini.

Kama yanajijaza gesi yenyewe yakilowa, yana kidonge kinachoyeyuka chenye tarehe yake. Mvua zenu zikianza Desemba, unyevu wa stoo pekee unaweza kukiyeyusha. Na mitungi isikae penye joto linalozidi nyuzi 50, kwa hiyo kamwe isiachwe kwenye kabini ya gari juani. Ushauri wangu ni kwamba majaketi haya wapewe wale wa boti ya doria wanaoweza kuyakagua kila wiki. Mvuvi wa mtumbwi, anayelowa kila siku na asiye na mtungi wa akiba, apewe la povu.

Maboya ya duara ni rahisi. Kipimo cha kimataifa ni kubeba kilo 14.5 za chuma kwenye maji yasiyo na chumvi kwa saa 24, na Mtera ni maji hayo hayo. Ongezeni nondo kwenye fungu lenu mpaka zifike. Pipa halitatosha, fungeni boya kwa kamba ndefu mahali penye kina cha kutosha. Ufa wa ganda msiuzibe kwa gundi na kulirudisha kazini.

Kamba zinahitaji jicho kali zaidi. Kamba ya kurusha lazima ielee, ndiyo maana hutengenezwa kwa polipropilini, jamii moja na zile kamba za plastiki wengi wanaziita manila. Inaelea vizuri ila jua linaimaliza upesi. Itoeni yote mfukoni, ipiteni kati ya vidole mita kwa mita. Nywele fupi zilizokatika, unga, sehemu iliyokakamaa kama waya au iliyong'aa kwa msuguano: yoyote kati ya hizo, kamba nzima itolewe, msikate na kuunga. Fundo likivutwa hupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi au zaidi. Mkinunua nyingine, iwe ya milimita 8 hadi 10, mita 15 hadi 20, na mtupe kipande chake kwenye beseni kabla ya kulipa. Nailoni itazama, na kamba iliyozama karibu na injini inaishia kwenye panga boi.

Kuirudisha mfukoni msiizungushe kwa mikono wala msiiviringe. Ishindilieni kipande kwa kipande, kiganja kwa kiganja, kuanzia ncha iliyofungwa chini ya mfuko. Iliyoviringwa hutoka na kifundo hewani na mfuko huanguka nusu ya njia. Ncha ya mwisho ibaki nje, ya kushikwa mkononi. Asijifunge nayo mrushaji.

Kila kifaa kipewe namba iliyoandikwa kwenye kitambaa kilichoshonewa mkandani, na namba hiyo iwe na mstari wake kwenye daftari la kaunta: tarehe ya kipimo, kilichoonekana, aliyekagua. Fanyeni kipimo kamili Novemba kabla ya mvua, na tena Juni. Juu ya jalada andikeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, isomeke kwa mbali.

Jaketi lililoshindwa kipimo likatwe mikanda siku hiyo hiyo, mbele ya wenzenu, kabla halijarudi kwenye mtumbwi wa mtu. Povu lake, kama halinywi maji, likatwe vipande liwe vielea vya nyavu.