Malkia mgeni mzingani: maswali yenu

Tangu nigusie habari ya kubadili malkia, simu yangu haipoi. Leo nachukua manne.

Shikamoo. Mzinga wangu hapa Goba umezubaa, nyuki ni wachache mlangoni. Nitajuaje kama malkia hayupo?

Marahaba. Usimtafute malkia, tafuta mayai. Inua kiunzi cha katikati, ile fremu ya mbao iliyobeba sega, jua likupige mgongoni, uchungulie vyumba vya sega. Yai ni kama kipande cha uzi mweupe kilichosimama. Huanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo ukiliona, malkia alikuwemo juzijuzi. Hapo shida yako ni siafu, nondo wa nta au njaa ya masika, na malkia mpya hataitibu.

Naona mayai matatu, manne, chumba kimoja. Si ndiyo malkia hodari?

Hapana. Malkia aliyeanza tu kutaga huweza kuzidisha, lakini huyaweka chini katikati. Yakibandikwa ukutani, ujue vibarua, yaani nyuki majike wa kazi, wameanza kutaga wenyewe, na watakupa madume matupu. Kundi kama hilo humuua malkia unayewaletea. Wape kwanza kiunzi chenye mayai na majana, yaani watoto wa nyuki, kutoka mzinga mwingine, kila wiki, kwa wiki tatu hivi.

Rafiki wa Kigamboni amenipa malkia ndani ya kizimba, kile kikasha kidogo cha waya. Nimwachie tu aingie?

Mimi niliwahi kumwachia tu. Kesho yake nikakuta sakafuni fundo la nyuki, ukubwa wa ndimu, linanguruma. Nilipolipasua, malkia alikuwa katikati, amekufa. Walimkataa kwa harufu.

Kwanza hakikisha mzinga hauna malkia wa zamani, kisha ng'oa vyumba vya malkia vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Ziba tundu la kizimba kwa donge la sukari ya unga iliyokandwa na asali, ukichomeke kati ya masega yenye majana. Baada ya siku mbili tazama waliokizunguka. Ukiwasukuma kwa kidole wakasogea kirahisi, wamemkubali, waache watafune donge wamtoe. Waking'ang'ania waya na kuuma, funika tundu wasilitafune donge, ngoja siku mbili tena. Akishatoka, usifungue mzinga wiki nzima. Najua mkono utawasha. Nyuki wetu wa pwani wakisumbuliwa sana huhama, ubaki na sanduku.

Nisipompata malkia je? Na jirani yangu ana mbwa.

Omba kiunzi chenye mayai mabichi kwa mfugaji mwenye kundi zuri, akuhakikishie hakina magonjwa. Watajilelea malkia wenyewe: siku 16 tangu yai hadi kutoka, halafu aruke kupandwa, kwa hiyo hesabu mwezi hivi kabla ya kuona mayai yake. Kundi likiwa dogo mno, liunganishe na lingine.

Kuhusu mbwa: fungua mzinga jua likikaribia kuzama, moshi ukiwa tayari, na mwambie jirani mapema amfungie ndani.