Behewa la mizigo linaacha reli kwenye kona: anza na magurudumu

Mkuu wa Moshi, umeuliza kwa nini behewa lako la mbao la reli ya mfano, ile ndogo ya kuchezea bustanini, linaacha reli kila likifika kwenye kona ya bustani, na kama ulikate lipungue urefu. Usilikate. Lipindue kwanza uangalie magurudumu.

Nipo Njiro, Arusha, naunda mabehewa ya mizigo ya reli yetu ya Tanga kwa kipimo cha 1:22.5, yaani madogo mara 22.5 kuliko yale halisi. Reli ile ina upana wa mita moja. Gawa kwa 22.5 unapata milimita 44.4, ndiyo maana inakubali vizuri njia ya bustani ya milimita 45.

Kati ya mgongo (upande wa ndani) wa gurudumu moja na mgongo wa mwenzake kwenye ekseli ileile pawe na milimita 40. Kata kipande cha chuma cha kipimo hicho ukipitishe: kiingie bila kulazimishwa, na kisicheze. Gurudumu linaloyumba mpe fundi mkerezaji, usilipige nyundo.

Sasa vile vitoroli viwili vya magurudumu manne chini ya behewa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kimoja kifunge kiweze kugeuka kushoto na kulia tu. Cha pili kiweze pia kuinama upande: weka washa moja ndogo (kile kipete bapa cha chuma) katikati, na skrubu usiikaze mpaka mwisho. Behewa litatulia kama kigoda cha miguu mitatu, hata reli ikizama upande mmoja. Na itazama, maana masika ikipiga, udongo unashuka chini ya mataruma (vile vipande vya kulalia reli) hata kama umemwaga kokoto za kutosha.

Uzito ukae chini. Mimi nagandisha vipande vya nondo chini ya sakafu, paa naliacha jepesi.

Mzigo usinunue. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha 1929, na katani ilikuwa katika mizigo yake mikubwa. Chukua kamba ya katani, ifumue, chana nyuzi zilale upande mmoja, zikunje, zibane ndani ya kiboksi cha mbao, kisha funga kwa uzi. Robota linatoka na rangi yake halisi, hakuna plastiki inayofikia hapo. Napenda sana hatua hii.

Ila kabla ya kuweka uzito na mzigo, ng'oa boksi la behewa, sukuma chesesi tupu (fremu ya chini yenye magurudumu) kwa kidole kwenye hiyo kona. Ikiacha reli, weka hapa picha ya upande wa chini tuione.