Miaka 22 na opera: hujachelewa, ila linda koo

Mdogo wangu, unauliza kama miaka 22 ni kuchelewa kuanza opera, ile tamthilia inayoimbwa, maana umeimba kwaya ya kanisani tu. Hujachelewa. Pretty Yende, mwimbaji wa opera wa Afrika Kusini, alikulia Piet Retief, mji mdogo, akiimba kanisani. Opera aliisikia mara ya kwanza akiwa na miaka 16, tena kwenye tangazo la shirika la ndege katika televisheni! Akasomea Chuo Kikuu cha Cape Town, akashinda Belvedere, shindano la kimataifa la waimbaji wa opera, mwaka 2009, na 2013 akaimba Metropolitan Opera, jumba maarufu la opera la New York. Usiku huo wa kwanza alijikwaa jukwaani, akainuka, akaendelea.

Kinachonitia wasiwasi ni hayo mazoezi yako ya kupaza sauti mpaka koo linawasha. Acha kabisa. Kwa kawaida mwimbaji wa opera hatumii maikrofoni, na mbele yake kuna okestra nzima, kundi kubwa la wapiga ala, lakini sauti inabebwa na pumzi, haisukumwi kooni. Tafuta mwalimu wa sauti kabla hujawaza nauli ya Ulaya. Jifunze kusoma nota, anza na Kiitaliano kidogo kidogo, maana opera nyingi huimbwa kwa lugha hiyo. Kazi yako ya dukani usiiache bado. Masomo ya sauti yanakula hela.