Usinunue Kabati Bado

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, chumba changu kidogo, vitu vimejaa mpaka mlangoni. Ninunue kabati la aina gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza muuza samani, na jibu lake ndilo lililonimaliza.

Chumba changu ni futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha 4 kwa 6 kinakula 24 kabla hujaweka hata kiatu. Mimi nikaongeza kabati la milango miwili, rafu ya plastiki na ndoo saba za mifuniko, eti za kupangia vitu. Ndoo zenyewe zikakosa pa kukaa! Nikawa naenda kulala kwa kupita upande upande kama kaa.

Dada yangu mkubwa akaja kunisalimia. Akasimama mlangoni, akauliza, "Sasa mdogo wangu, wewe unalala wapi?" Labda alikuwa anatania. Nina hakika alishasahau. Mimi sijasahau.

Alipoondoka nilisogeza kabati kwa hasira, nikakuta ukuta wa nyuma umeota ukungu mweusi. Nilikuwa nimelibana kabisa ukutani, hewa haipiti, unyevu umetuama. Koti langu la sherehe lilikuwa limeoza kwapani. Mvunguni nako, yale maboksi ya simu na redio niliyoyatunza "kwa ajili ya waranti" yalikuwa yamehamiwa na mende, ukoo mzima. Waranti zenyewe zilikwisha zamani.

Jioni ile nilirundika kila kitu kitandani, makusudi, ili nisipate pa kulala kabla sijamaliza. Nililala saa tisa usiku. Nilihesabu chaja kumi na moja, na simu ninayo moja. Kulikuwa na suruali ya enzi nilizokuwa na kiuno, nikaikumbatia kidogo kabla ya kuitia kwenye mfuko wa vitu vya kugawa. Siku zilizofuata zilikuwa za kufunga na kugawa tu, sitakuchosha nazo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: toa kwanza. Kabati baadaye, kama bado utalihitaji (mimi langu nililiuza). Likibaki, liache mbali na ukuta, angalau vidole vinne vipite. Kuta zako zina urefu, zipigie rafu na ndoano. Vizito viwe chini, vyepesi juu. Nguo usizo na uhakika nazo, zitundike hanga zikiwa zimegeuzwa, kulabu ikitazama kwako, kisha ukivaa nguo unairudisha kulabu ikitazama upande wa pili kama kawaida. Baada ya miezi sita, zilizobaki zimegeuka zitakuwa zimeshakujibu. Na kabla ya yote, toa.

Najua utasema "ipo siku nitakihitaji." Siku gani? Itaje tarehe. Tunalipia chumba kila mwezi halafu tunawapangisha bure vitu tusivyovitumia, na sisi wenyewe tunabanana ukingoni mwa kitanda kama wageni. Acha woga. Chaja ya simu iliyokufa haitafufuka.

Mwezi uliopita dada alikuja tena. Akaingia, akavua viatu, akakaa, akanyoosha miguu mpaka katikati ya chumba. Hakusema lolote. Nilisubiri, wapi. Mwishowe nikainua shuka mwenyewe nikamwonyesha mvungu.