Kumfukuza meneja ni mwanzo tu

Mkuu, umeuliza kama kumtimua meneja mkuu (anayesajili na kuuza wachezaji, si kocha) kunatosha kuifufua timu ya hoki ya barafu. Hakutoshi. Waangalie Montreal Canadiens, timu ya Kanada inayocheza ligi ya NHL. Walimfukuza meneja wao mkuu, Marc Bergevin, Novemba 2021, miezi michache tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo. Januari 2022 nafasi yake akaja Kent Hughes, aliyekuwa wakala wa wachezaji (wengi tuliguna). Akawaachia wachezaji Toffoli na Chiarot waende timu nyingine, akapokea nafasi za raundi ya kwanza kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu. Mwaka huohuo kwenye drafti wakamchukua Slafkovský akiwa wa 1 kuchaguliwa, na Lane Hutson akiwa wa 62! Huyo wa 62 ndiye aliyekuja kuwa chipukizi bora wa ligi msimu wa 2024-25, na timu ikarudi kwenye mchujo wa kuwania ubingwa. Katikati hapo walivumilia misimu mitatu ya vipigo.