Mama akisema "mimi nimeshazoea"

Dada yangu, pole sana. Habari yako nimeisoma mara mbili: mama akikataliwa jambo anaanza kuugua, dada yako mkubwa anakupigia usiku kukwambia "unamuua mama kwa presha", na wewe unaishia kuomba msamaha kwa kosa usilolijua. Waliotangulia kukujibu wanasema kata mawasiliano, yaishe. Mimi sikukata. Ila kuvumilia nako hakukunisaidia chochote, na nilivumilia miaka kama kumi, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Kwangu ni mama na kaka. Mama hajawahi kunigombeza. Bora angegombeza, ningejibu au ningenyamaza tukamalizana. Yeye ana sentensi yake moja: "Sawa tu mwanangu, mimi nimeshazoea." Halafu ananyamaza na simu hakati. Unasikia anavyovuta pumzi, unasikia redio yake kwa mbali, na wewe umesimama ukumbini na simu sikioni kama mtuhumiwa. Hapo panapita sekunde ishirini hivi. Mimi kwenye ya tano nilikuwa nishaanza, "Basi mama, ngoja nione, nitapanga." Na huko kupanga kulikuwa ni kupangua nilichokwisha kubaliana na mke wangu.

Kaka yeye ni mjumbe. Dakika kumi baada ya simu ya mama, inaingia sauti yake kwenye WhatsApp, dakika nne nzima: "Mama tangu jana hajatia kitu mdomoni. Mimi sisemi kitu, ila ujue tu." Halafu masimango: nani alinibeba nilipoumwa utotoni, nani aliacha shule ili mimi nisome. Yote ni kweli, na hilo ndilo linalouma. Anayekusimanga kwa uongo unaweza hata kumcheka.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Kwa miezi miwili kila simu ya namna hiyo niliiandika: siku gani, kilichoombwa, kilichosemwa, nilichofanya. Zilikuwa simu kumi na nne. Kumi na moja nilisalimu amri. Tatu zilizobaki sikusalimu, na si kwa ushujaa: mara mbili nilikuwa safarini hapashiki mtandao, mara moja simu iliharibika. Na kwenye zile tatu hakuna aliyekufa! Mama alimwambia mtu mwingine, au jambo lenyewe likasubiri wiki iliyofuata. Nililitazama lile daftari muda mrefu.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliyefanya majaribio na panya na njiwa kuanzia miaka ya 1930. Panya akibonyeza kitufe anapata chakula. Ukikatisha chakula haachi mara moja. Kwanza anabonyeza kwa fujo kuliko mwanzo, ndipo anapunguza. Na yule aliyezoeshwa kupata mara moja moja, leo ndiyo kesho hapana, ndiye anayechelewa zaidi kukata tamaa. Simfananishi mama na panya, Mungu anisamehe. Ila nilijiona mimi: nakataa mara nne, ya tano nakubali, kisha nashangaa kwa nini haachi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba ukinisukuma mara tano napatikana. Sidhani hata kama alikuwa akipiga hesabu. Wengi hawapigi, wanafanya kilichowahi kufaa.

Basi nikabadilisha mambo mawili. La kwanza, niliacha kutoa sababu. "Mama, Jumamosi hii sitaweza kuja." Nukta. Zamani nilikuwa naeleza: mtoto ana homa. Ananiuliza, kwani mama yake yuko wapi? Nina kazi. Kazi gani Jumamosi? Kila sababu niliyotoa ilikuwa ni kumkabidhi mpini, mimi nikabaki na makali. Akiuliza kwa nini, narudia maneno yale yale kwa upole ule ule, halafu namsalimia nakata. Zile sekunde ishirini nilijifunza kuzihesabu kimoyomoyo. Kwa kaka nilikuwa na jibu moja la kunakili: "Asante kwa kunijulisha kaka, nitaongea na mama mwenyewe." Sauti zake za dakika nne niliacha kuzisikiliza usiku, nazisikiliza asubuhi nikiwa nimeshiba usingizi.

Mwanzoni mambo yakachafuka, tena vibaya. Kama wiki sita hivi. Ndugu wakaambiwa mke wangu amenibadilisha. Shangazi ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya salamu akapiga kunihubiria. Kaka akanitoa kwenye kundi la familia. Wiki ya tano nikalegea, nikaenda, na nilichokijenga mwezi mzima kikaanza upya. Nakwambia hili ili yakichafuka na kwako usidhani umekosea njia. Mwambie mapema mumeo au rafiki unayemwamini, maana siku hizo akili yako mwenyewe itakugeuka.

La pili ndilo lililonisaidia zaidi, na sijaona mtu akilitaja. Kabla ya hapo nilikuwa nampigia mama akilalamika tu. Asipolalamika, wiki tatu zinapita. Sasa mtu afanye nini zaidi ya kulalamika? Nikaanza kumpigia kila Jumatano jioni bila kuombwa, dakika kumi na tano, nimemuuliza habari zake na kumsikiliza kweli. Akiwa mzima wa afya napiga, akiwa amenuna napiga. Mama yangu hakuwa mwovu, alikuwa mpweke anayejua njia moja tu ya kuita. Wa kwako simjui, huenda ni tofauti. Wapo ambao hata ukiwapa Jumatano watataka wiki nzima, na hao umbali ni halali yako.

Unauliza utajuaje kama hatia unayoihisi ni ya haki. Mimi huwa najiuliza: kosa langu naweza kulitaja kwa sentensi moja? Na nikilirekebisha, litakwisha? Niliwahi kusahau kumrudishia kaka hela yake. Hilo ni kosa, nililipa, nikaomba radhi, likaisha. Lakini "umetusahau sisi" hailipiki. Ni deni ambalo hawakutajii kiasi, kila ukilipa unaambiwa bado. Mtu aliyeumia kweli ukimuuliza "nifanye nini tuyamalize?" ana jibu. Nilimuuliza kaka. Akasema, "Wewe mwenyewe unajua."

Jambo moja usilichanganye na haya: mtu akisema atajidhuru, usimpime kama anaigiza au la. Mpelekee msaada, mwite aliye karibu naye, piga simu ya dharura. Na bado ombi lake la awali si lazima ulitekeleze.

Mama siku hizi? Sentensi yake bado anayo. Wiki iliyopita nilimwambia sitafika mwisho wa mwezi, akaitoa: "Sawa tu mwanangu, mimi nimeshazoea." Nikahesabu. Redio inasikika. Nilipofika kumi na mbili akaguna, akaniuliza kama yule mdogo ameanza kuota meno ya mbele. Kaka hajanirudisha kwenye kundi, huu mwezi wa saba. Kila mwezi namtumia salamu. Anaziona, hajibu.