WebSocket inakatika kimya kimya? Anza na hizi sekunde 60

Jamani, kama una app ya WebSocket (koneksheni inayobaki wazi ili seva itume kitu muda wowote) imekaa nyuma ya Nginx (programu inayopokea watu mlangoni na kuwapitisha kwenye app) na watu wanakulalamikia "mbona haileti kitu", usikimbilie kulipia seva kubwa zaidi, mimi hili limenila wiki mbili.

Nilitengeneza mfumo wa oda za chakula, tablet iko jikoni, bodaboda nao wana simu zao. Mchana oda zikimiminika kila kitu freshi, ikifika saa kumi jikoni kumepoa, oda inaingia na haionekani. Mpishi kasimama mbele ya tablet imeandika Imeunganishwa kwa kijani kabisa, kumbe mteja kalipa nusu saa iliyopita na sufuria haijaguswa. Iliniuma.

Iko hivi, Nginx isiposikia chochote kutoka kwenye app yako kwa sekunde 60 inakata, ni kile kipengele cha proxy_read_timeout. Nikafanya wanachofanya wengi, nikaweka 86400, siku nzima. Usifanye hivyo! Siku ya tatu logi ikaanza kuandika "768 worker_connections are not enough", yaani nafasi 768 za koneksheni zimejaa, na hakuna mtu mpya anayeingia. Simu ya boda ikifika sehemu haina mtandao haiagi, inapotea tu, seva inaendelea kuishikilia, akirudi hewani anafungua koneksheni nyingine. Nilipoandika ss -tn, amri ya Linux inayoorodhesha koneksheni, nikakuta zaidi ya 300 ziko hai wakati boda waliokuwa kazini ni 40. Na kwa Nginx kila mtu anahesabika mara mbili, upande wa simu na upande wa app, kwa hiyo hiyo 768 inayokuja na Ubuntu, seva ikiwa ya core moja, ni watu 380 hivi tu, mizimu ikiwemo.

Dawa ni ping, ujumbe mfupi wa kuuliza "bado upo?". Seva ipige kila sekunde 30, asiyejibu mpaka ping inayofuata mtoe, na kama unatumia ws, maktaba ya WebSocket ya Node.js, mtoe kwa terminate() sio close(), maana close() inasubiri upande wa pili nao uage na huyo hayupo. Ile 86400 nikaifuta, maana kwa ping hizo Nginx haikai tena sekunde 60 bila kusikia kitu.

Simu nayo ikikatwa isirudi papo hapo, ingoje sekunde chache za kubahatisha, la sivyo ukirestati seva wanakuvamia wote kwa mkupuo. Halafu ikirudi itaje namba ya oda ya mwisho iliyoipata ili ipewe zilizopita katikati. Hili wengi wanaliruka, na ndo linalofanya mteja apate chakula chake.